Mafunzo ya ufundi wa meli yaje Tanga kabla ya mikataba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu ajira za bandarini na za ufundi wa vyombo vya majini katika mkoa wetu wa Tanga. Nitaanzia mbali, kwa watu wa pwani ya mashariki ya Kanada, kwa sababu yaliyowapata na waliyoyafanya yananionyesha waziwazi mahali tunapokosea sisi. Nimefundisha ufundi wa kuchomelea vyuma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi na sasa nimestaafu. Ninapoandika haya nawafikiria vijana niliowafundisha ambao hadi leo wanatengeneza mageti na madirisha Ngamiani, hapa mjini Tanga, ilhali kazi kubwa za chuma zinafanyika kilomita chache kutoka walipo na wao hawamo.

Watu ninaowazungumzia wanaitwa Mi'kmaq. Wamekaa katika nchi inayoitwa leo Nova Scotia na majimbo jirani kwa zaidi ya miaka 10,000, wakiishi kwa uvuvi na uwindaji, na walikuwa mafundi hodari wa mitumbwi ya magome ya miti. Mtumbwi wao uliokusudiwa kwenda baharini ulijulikana kwa umbo lake, kwani mbavu zake ziliinuliwa katikati ili wimbi lisiingie ndani. Waingereza walipoujenga mji wa Halifax mwaka 1749, kando ya bandari ambayo wenyeji waliiita Kjipuktuk, hawakuwaomba ruhusa. Mikataba ya amani na urafiki ya mwaka 1760 na 1761 ilipuuzwa kwa zaidi ya karne mbili, mpaka tarehe 17 Septemba 1999, Mahakama ya Juu ya Kanada ilipotamka katika kesi ya Donald Marshall Jr., Mmi'kmaq aliyeshtakiwa kwa kuvua na kuuza mikunga, kwamba haki ya watu hao kuvua kwa ajili ya riziki ya wastani ilikuwa bado hai.

Kuna jambo moja katika historia yao ambalo mtu wa pwani hawezi kulisoma akaliacha lipite. Jamii ya Membertou, mojawapo ya jamii zao katika kisiwa cha Cape Breton, ilikuwa ikiishi ufukweni kabisa mwa bandari ya mji wa Sydney, mahali panapoitwa Kings Road. Mji ulipokua, wakubwa wa mji wakawaona wenyeji hao kuwa ni kikwazo, shauri likapelekwa mahakamani, na mwaka 1916 mahakama ikaamuru waondolewe. Mwaka 1926 walihamishiwa ndani zaidi, mbali na maji. Watu waliokuwa wakishuka baharini kutoka mlangoni mwao wakawa wanaisikia bandari kwa mbali, na kazi za bandari hiyo zikafanywa na wengine.

Nimeyaeleza hayo ili msomaji aelewe kwamba watu hawa hawakuanza safari yao wakiwa na bahati. Mwezi Oktoba 2011 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba karakana ya Irving Shipbuilding ya Halifax ndiyo itakayojenga meli za kivita za taifa hilo, kazi ya miongo mingi: kwanza meli za doria za maji ya kaskazini, zenye urefu wa zaidi ya mita 103, ambazo ya kwanza, Harry DeWolf, ilikabidhiwa kwa jeshi la majini Julai 2020, kisha manowari 15 zitakazochukua nafasi ya zile za zamani. Mtu angetarajia kwamba yangetokea yale ya siku zote: mafundi kutoka miji mikubwa wangekuja, nyumba za kupanga zingepanda bei, na Mmi'kmaq angebaki kufagia na kulinda geti. Lakini safari hii wenyeji walikwisha kujipanga, na walijipanga kabla ya meli, kwa kazi nyingine kabisa ambayo haikuwa na heshima yoyote.

Kazi hiyo ilikuwa kusafisha uchafu. Mji wa Sydney ulikuwa na kiwanda cha chuma kilichoacha nyuma yake madimbwi makubwa ya lami na sumu, na mwaka 2004 serikali ya Kanada na ya jimbo zilikubaliana kutoa dola milioni 400 za Kanada ili kuyasafisha. Jamii 5 za Wami'kmaq wa Cape Breton, yaani Membertou, Eskasoni, Potlotek, Wagmatcook na We'koqma'q, zilikuwa na ofisi ya pamoja ya manufaa ya kiuchumi, ofisi iliyokuwa na jukumu moja tu: kukaa na wenye miradi, kujua ni kazi gani zinakuja, kujua ni nani miongoni mwa watu wao anaweza kuzifanya au anaweza kufundishwa akaziweza, na kudai kwamba sehemu ya zabuni itengwe kwa ajili ya kampuni za wenyeji. Sehemu ilitengwa. Kampuni zao zikapata kazi, vijana wakapata uzoefu wa kuendesha mitambo na kufuata taratibu za usalama, na kubwa zaidi, wakapata rekodi ya maandishi kwamba kazi waliyopewa waliimaliza. Zabuni ya pili haiulizi kitu kingine isipokuwa rekodi hiyo.

Kwa hiyo meli zilipokuja, ofisi ilikuwepo, na watumishi wake walijua kusoma mkataba. Ofisi hiyo, karakana ya Irving na chuo cha jamii cha jimbo la Nova Scotia waliingia ubia wa kuwafundisha vijana wa Kimi'kmaq kuchomelea na kuunda vyuma, kwa makubaliano kwamba wanaohitimu na kutimiza masharti ya karakana wanapewa kazi karakanani. Wanawake nao walifunguliwa njia kama hiyo. Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwajiri aliingia darasani kabla mwanafunzi hajashika mashine. Kijana alianza kusoma akijua ni karakana gani inamngojea, ni bamba la unene gani atachomelea na ni mtihani gani atapewa. Mimi nimefundisha kwa miaka mingi bila kuweza kumwambia mwanafunzi hata mmoja maneno hayo, na najua mwalimu anapungukiwa na nini anapokosa kuyasema: mwanafunzi anakuuliza hiki ninachojifunza kitanipeleka wapi, nawe unamjibu kwa matumaini tu.

Fedha nazo zilikuwa na chanzo kinachoeleweka. Chini ya mkakati wa Kanada wa kujenga meli, karakana zilizoteuliwa zinawajibika kuwekeza kiasi cha asilimia 0.5 ya thamani ya mikataba yao katika kuijenga sekta ya bahari yenyewe: mafunzo ya watu, teknolojia na viwanda vinavyoihudumia. Ni asilimia nusu tu, lakini imo katika masharti ya kazi na haimngojei meneja mwema. Tangu mwaka 1996 nchi hiyo ina utaratibu wa kutenga zabuni za serikali kwa biashara za wenyeji wa asili, na mwaka 2021 serikali iliweka lengo kwamba angalau asilimia 5 ya thamani ya mikataba yake iende kwa biashara hizo. Jamii ya Membertou kwa upande wake haikungoja kuhurumiwa. Ilirekebisha hesabu zake, na mwaka 2002 ikapata cheti cha kimataifa cha ubora wa uendeshaji, ili kampuni kubwa yoyote inayotaka ubia isipate kisingizio. Miaka iliyofuata, mwaka 2021, muungano wa jamii za Kimi'kmaq ukiongozwa na Membertou ulishirikiana na kampuni nyingine kuinunua Clearwater, mojawapo ya kampuni kubwa za mazao ya bahari katika Amerika Kaskazini, kwa thamani ya takriban dola bilioni 1 za Kanada.

Sidai kwamba mambo yao yote yamenyooka. Kutoka Sydney hadi Halifax ni kama kilomita 400 kwa barabara, na kijana anayetoka kijijini kwao Eskasoni kwenda kuishi mjini anaacha wazazi, lugha na jamaa, na anaanza kulipa kodi ya chumba kabla hajapokea mshahara. Darasa la wachomeleaji ni darasa, halimalizi ukosefu wa ajira wa taifa zima. Hata hivyo wana kitu ambacho sisi Tanga hatuna, na hicho ndicho ninachokiombea nafasi hapa.

Tuje kwetu. Bandari ya Tanga imeboreshwa kwa mradi wa shilingi bilioni 429.1. Kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi mita 13, na gati zenye urefu wa mita 450 zimejengwa upya. Kabla ya hapo meli zilitia nanga umbali wa takriban kilomita 1.7 na shehena ikaletwa nchi kavu kwa matishari, na wengi wetu tumekua tukiyatazama matishari hayo yakienda na kurudi. Leo meli inafunga gatini. Kule Chongoleani, ambako jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Agosti 2017, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo kilomita 1,147 kati yake zimo ndani ya ardhi ya Tanzania. Mafuta hayo yatapakiwa kwenye meli kubwa, na meli kubwa hazifiki peke yake. Zinahitaji matagi ya kuzivuta, boti za marubani, boti za ukaguzi na za kuzima moto, na watu wa kukarabati vyombo vyote hivyo, maana chuma kikikaa ndani ya maji ya chumvi kinaliwa kila siku. Hivi sasa chombo cha kiasi kikihitaji kupandishwa gudini, mazungumzo yanaelekea Mombasa au Dar es Salaam.

Kwamba Watanzania wanaweza kujenga meli halina ubishi tena. Mwaka 2018 ulisainiwa mkataba wa kuijenga MV Mwanza katika Ziwa Victoria, meli yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa kubeba abiria 1,200, na Februari 2023 ilishushwa majini pale pale Mwanza. Wakorea walikuja na michoro na usimamizi, lakini mikono mingi iliyochomelea mabamba yale ilikuwa ya vijana wetu. Kampuni ya Songoro Marine nayo imekuwa ikiunda vivuko kwa miaka mingi. Mwanza wamejifunza kwa sababu kazi ilifanyikia Mwanza. Tanga tuna bahari, tuna bandari yenye kina, tuna reli na tuna bomba linalokuja, lakini hatuna darasa la ufundi wa meli linaloijua kazi inayolingoja.

Niseme kwa undani kidogo tofauti iliyopo, kwa kuwa ni ya kazi yangu. Kijana wa Ngamiani anapochomelea geti, anaulaza mlango juu ya meza, anaisogeza elektrodi kwa raha yake, na mshono ukiwa na tundu anausaga kwa grenda, anapaka rangi na mteja anafurahi. Ubavu wa meli haulazwi. Mchomeleaji anasimama juu ya jukwaa na kuchomelea kwa wima kutoka chini kwenda juu, au analala chali ndani ya tangi lenye joto na kuchomelea juu ya uso wake, cheche zikimdondokea kifuani. Akimaliza, mkaguzi anakuja na mashine ya mawimbi ya sauti au eksirei na kutazama ndani ya mshono. Akikuta povu la hewa lisiloonekana kwa macho, kipande chote kinakatwa na kurudiwa. Kwa mabomba upo mtihani wanaouita 6G, ambapo bomba hufungwa likiwa limeinama nyuzi 45 na haliruhusiwi kuzungushwa, hivyo fundi analizunguka yeye na kuchomelea mikao yote kwa mkupuo mmoja. Kijana mwenye mkono mzuri anaweza kuufaulu baada ya miezi ya mazoezi ya kutwa, mradi awe na mabamba na mabomba ya kuharibu, mashine isiyokatika moto na mwalimu wa kumsimamia. Hawezi kuufaulu kwa wiki mbili baada ya kusikia kwamba mkandarasi amefungua kambi.

Hapo ndipo tulipokosea katika miradi iliyopita. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani wakija nyumbani kuniomba niwapeleke mazoezini wakati mkandarasi amekwisha kuingia na watu wake. Nimewaona wengine wakirudi kutoka geti la mradi mmoja, ambao sitautaja, wakiwa wameambiwa kwamba nafasi za ufundi zimejaa na zilizobaki ni za kubeba na kuchimba. Aliyewajibu hivyo hakuwadanganya, kwa maana kweli hawakuwa na cheti kilichotakiwa. Dhuluma ilifanyika miaka mitatu au minne nyuma, siku mkataba uliposainiwa na hakuna aliyehesabu ni wachomeleaji wangapi watahitajika, wa daraja gani, na watatoka wapi.

Sheria tunazo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni zake za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2017 zinamtaka mwenye mradi awape Watanzania kipaumbele katika ajira, bidhaa na huduma, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, wanayo kanzidata ambayo watoa huduma wa ndani hujiandikisha. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri zinatoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani. Kinachokosekana ni mtu wa kuziunganisha kamba hizo kwa niaba ya mwananchi wa Chongoleani au Tongoni. Kikundi cha vijana wanaotaka kuosha matangi au kuhudumia boti kinatakiwa kijisajili halmashauri, kipate namba ya mlipakodi, kiingie kwenye NeST, yaani mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, kiandike andiko la mkopo, kisome tangazo la zabuni lenye kurasa nyingi, kisha kikishinda kisubiri malipo kwa miezi ambayo mtaji wake hauwezi kuihimili. Wengi wanaishia hatua ya pili. Ile ofisi ya Wami'kmaq wa Cape Breton iliundwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Najua hoja moja itakayotolewa, nami niijibu kabla. Mi'kmaq ni taifa la wenyeji wa asili lenye mikataba na Ufalme wa Uingereza, nasi wa Tanga ni wananchi kama wengine wote, na nchi yetu ilijengwa juu ya msingi kwamba mtu haulizwi kabila lake mahali pa kazi. Hoja hiyo ni sahihi na naiheshimu. Siombi kijana wa Mtwara au wa Kigoma afukuzwe getini ili wa Tanga aingie. Mji huu umejengwa na watu waliotoka kila upande, tangu manamba walioletwa kwenye mashamba ya mkonge, na wajukuu wao leo ni Watanga kama mimi. Ninachoomba ni kwamba anayeishi jirani na mradi, aliyetoa ardhi yake, ambaye dago lake la uvuvi limesogezwa na ambaye atapata hasara ya kwanza mafuta yakimwagika, apewe nafasi ya kufuzu. Akiisha kufuzu, ashindane na Mtanzania mwenzake kwa haki.

Ipo na hoja nyingine ambayo haisemwi hadharani lakini husemwa sana ofisini, kwamba watu wa pwani ni wavivu. Maneno hayo ni ya zamani, tangu enzi ya mkonge, pale ambapo mtu wa pwani aliyekataa ujira mbaya alihesabiwa kuwa mvivu, na Wami'kmaq nao waliambiwa ya kwao yanayofanana na hayo. Anayeyaamini namwomba ashuke Sahare maji yakiwa yamekupwa, amtazame fundi mashua akiwa kazini. Atamkuta ameshaulaza mkuku juu ya magogo, anachagua mataruma kutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, anayachonga kwa tezo mpaka yanakaa ubavuni bila mwanya, anatoboa kwa keekee, anapigilia ubao mmoja mmoja, kisha anakaa siku nyingi juani akisokomeza pamba iliyolowekwa mafuta katika kila mpenyo ili chombo kisivuje. Hana mchoro. Vipimo vyote vimo kichwani mwake, na mashua ikishuliwa inakaa sawa juu ya maji. Mtu huyo anajua umbo la chombo kuliko mhitimu yeyote wa karakana yangu, na kinachomzuia kuingia katika kazi za vyombo vya chuma na vya faiba ni kusoma michoro, kupima kwa vyombo vya kisasa na kupata karatasi inayosema anajua. Hayo yanafundishika. Ila mafundi hao wanazeeka, mbao ngumu zimekuwa ghali, na vijana hawakai nao kwa sababu hawaoni mwisho wa kazi hiyo. Chuo cha ufundi kinachowapuuza kinatupa mwalimu aliye tayari.

Pendekezo langu ni kwamba halmashauri 4 za mkoa wetu zinazogusa bahari, yaani Jiji la Tanga, Mkinga, Muheza na Pangani, zianzishe ofisi moja ya pamoja ya ajira na zabuni za bahari. Isiwe kamati ya kukutana na kulipana posho. Iwe na watumishi wachache wanaojua ununuzi, mikataba na ufundi, na ipewe haki ya kupata mapema, kutoka Mamlaka ya Bandari na kutoka kwa kila mwenye mradi wa pwani, orodha ya kazi zinazotarajiwa katika miaka mitano ijayo na viwango vya vyeti vitakavyodaiwa. Ikishapata orodha hiyo, ikae na chuo cha ufundi stadi cha VETA cha hapa Tanga, na Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, na chuo cha uvuvi cha Mbegani kule Bagamoyo, wagawane nani afundishe nini. Mwajiri awepo tangu siku ya kuchagua wanafunzi. Na mabinti wahesabiwe tangu mwanzo, kwa kuwa hadi sasa nafasi yao katika miradi yetu ni jiko la mama lishe nje ya uzio, na mimi nimefundisha wasichana waliokuwa na mkono mtulivu kuliko wa kaka zao.

Kuhusu gharama, ile asilimia 0.5 ya Kanada naipenda kwa udogo wake. Kama sharti hilo lingekuwemo katika mradi wa bandari yetu peke yake, wa shilingi bilioni 429.1, zingepatikana zaidi ya shilingi bilioni 2.1 za mafunzo. Fedha hizo zingetosha kuweka mashine mpya, kununua mabamba ya mazoezi ambayo ndiyo gharama inayotushinda vyuoni, na kulipia mitihani ya kimataifa ya wachomeleaji, ambayo kijana wa kawaida hana namna ya kuilipia kutoka mfukoni mwake. Mradi ule umekwisha kusainiwa na kujengwa, na sharti halirudishwi nyuma. Mikataba mingine inakuja: ya ukarabati, ya matagi, ya huduma za meli za mafuta, na Mungu akijalia ya karakana ya meli. Namwomba Mkuu wa Mkoa na wabunge wetu waulize, kabla ya kila mmoja wa hiyo kusainiwa, asilimia ya mafunzo imeandikwa kifungu gani.

Wenye biashara nao wana la kufanya. Mafundi wa Ngamiani, kila mmoja na banda lake na mashine yake moja, hawatapewa kazi ya meli hata wakiwa hodari vipi, kwa sababu hakuna mwenye mradi atakayesaini mikataba arobaini midogo. Waungane katika kampuni moja au ushirika, waweke hesabu zinazokaguliwa, wakate bima, wavae viatu vya usalama hata wanapochomelea dirisha la mteja wa mtaani. Nayasema haya kwa mapenzi. Mkaguzi wa kampuni kubwa akiingia bandani na kukuta fundi amevaa kandambili, haulizi tena mshono wake ukoje.

Kazi moja inaweza kuanza bila kungoja bajeti wala waraka. Watendaji wa kata za pwani, kuanzia Chongoleani, Tongoni na kata za Ngamiani, wafungue daftari na kuandika majina ya wachomeleaji, mafundi mashua, mafundi injini za boti, wazamiaji na manahodha waliopo katika mitaa yao, pamoja na umri wao na vyeti walivyonavyo au wasivyonavyo, ili siku mwenye mradi atakapouliza Tanga mna watu gani, pawepo na jibu la maandishi. Kwa upande wa wachomeleaji, mimi na walimu wenzangu wastaafu tuko tayari kuwapima bila malipo, kata kwa kata, mikao ya wima na ya juu ya kichwa, ili ijulikane nani yuko tayari kwa mtihani na nani anahitaji miezi mingapi ya mazoezi. Tunachoomba kutoka jijini ni umeme wa uhakika, vipande vya mabamba na mahali penye kivuli.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa ufundi chuma,
Sahare, Tanga